Picha za Historia na Hukumu ya Mtazamaji: Somo Kutoka Handeni na Korogwe

Utangulizi

Katika mafunzo ya itikadi tuliyoyaendesha mjini Korogwe kwa makada vijana wa wilaya za Handeni na Korogwe, ilitokea jioni moja kwamba zaidi ya nusu ya darasa haikuonekana. Tulipouliza tuliambiwa kuwa wenzetu wamekwenda kwenye banda la video, kwa sababu usiku huo msimu mpya wa tamthilia ya kihistoria ya Kituruki, iliyotiwa sauti za Kiswahili, ulikuwa unaanza. Hatukuwakaripia. Tuliahirisha somo, tukaenda kukaa nao kwenye mabenchi, tukatazama sehemu ya kwanza mpaka mwisho. Asubuhi yake tuliyafanya maoni ya watazamaji kuwa somo la siku.

Maoni yalikuwa ya namna tatu. Kundi la kwanza lilisifu: lilisifu farasi na mapanga, uaminifu wa askari kwa jemadari wao, na fundisho kwamba taifa lisilo na umoja huanguka. Kundi la pili lililalamika: mambo yanakwenda polepole, na mhusika waliyempenda katika msimu uliopita hakuonekana. Namna ya tatu ilitoka kwa mtu mmoja tu. Mama mmoja mkulima kutoka upande wa Handeni, balozi wa shina, ambaye alikuwa kimya muda wote, alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, watu wote wale wanapigana mwaka mzima. Chakula chao analima nani?"

Darasa lilicheka. Kisha lilinyamaza. Ndipo kijana mmoja akauliza swali la pili: "Na ya kwetu itaanza lini?"

Makala haya yanajaribu kujibu maswali hayo mawili. Tunafanya hivyo kwa njia ya historia, kwa kuwa watu wa Handeni na Korogwe hawakuanza jana kukaa mbele ya picha. Wamekaa mbele yake tangu zamani, na mara nyingi wakati wao wanatazama picha, kulikuwa na mtu nyuma yao anayewatazama wao na kuandika.

Vugiri, 1935 hadi 1937

Vijana wengi wa Korogwe hawajui kwamba moja ya majaribio makubwa ya kwanza ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki lilifanyika ndani ya wilaya yao wenyewe. Mwaka 1935, huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya mji wa Korogwe, yaliwekwa makao ya mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Mpango huo ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, ukapata fedha kutoka Shirika la Carnegie la New York, na ukaungwa mkono na Ofisi ya Makoloni ya Uingereza. Kazi ya kupiga picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt. Upande wa elimu uliongozwa na G. C. Latham, ambaye zamani alikuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia.

Katika muda wa miaka miwili hivi zilitengenezwa filamu zipatazo 35. Zilikuwa filamu fupi zisizo na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, na sahani ikapigwa wakati picha inapita. Waigizaji walikuwa Waafrika wa kawaida. Lori lilibeba mashine, jenereta na pazia jeupe, likapita vijijini, mashambani na kwenye vituo vya misheni katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Filamu ya kwanza ilihusu benki ya akiba ya posta. Kisa chake ni rahisi: wafanyakazi wawili wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake chini ya sakafu ya nyumba, na mwizi anazichukua. Mwingine anaweka zake posta, nazo zinabaki salama. Nyingine zilihusu kodi, safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, zao la chai, na uongozi wa chifu.

Ni lazima tuwe waadilifu katika uchambuzi wetu. Si kila kitu katika filamu hizo kilikuwa kibaya. Safura ilikuwa inaua, na mtu aliyefundishwa kuchimba choo alifundishwa jambo la kweli. Lakini kada hapimi jambo kwa sehemu moja tu. Hutafuta shabaha yake nzima. Shabaha zilitajwa wazi na wenyewe: kumsaidia Mwafrika mtu mzima aelewe na kuzoea hali mpya zinazomjia, kuongeza nguvu ya mafundisho ya shuleni, na kuhifadhi yaliyo bora katika mila za Kiafrika kwa kuyaonyesha kama hatua katika maendeleo ya watu hao na kama urithi wa kujivunia.

Shabaha ya tatu ndiyo inayotuhusu hasa, kwa kuwa ni shabaha ya kihistoria. Ndani yake kuna historia, lakini ni historia iliyokwisha kupangwa ngazi. Wakati uliopita wa Mwafrika umewekwa ngazi ya chini ili utazamwe kwa upole. Ngazi ya juu ni ile hali mpya ya mshahara, kodi na posta. Nani aliyeileta hali hiyo, kwa nguvu gani, na kwa faida ya nani, halikuwa swali la kuulizwa na picha.

Tusisahau pia wazo hili lilianzia wapi. Kabla ya Vugiri, Notcutt alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1926 alikwisha kufikiri kwamba sinema shambani ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike na kukaa. Kwa hiyo sinema hii haikuzaliwa na haja ya mtazamaji kujijua. Ilizaliwa na haja ya shamba kupata watu wa kukata mkonge.

Yasiyoonyeshwa

Sasa tuiweke picha hiyo ya posta mbele ya watu waliokuwa wakiishi chini ya mlima wa Vugiri.

Mkonge uliingizwa nchini na Wajerumani mwaka 1893. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na bonde lote likageuka kuwa nchi ya mashamba. Wenyeji wengi hawakutaka kazi ya shamba, kwa sababu walikuwa na ardhi na chakula chao. Kwa hiyo vibarua waliletwa kutoka mbali, na watu wakawaita manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba katika daftari. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku thelathini zikitimia katika kadi, ndipo mshahara hulipwa. Siku asiyokwenda haikuandikwa.

Na Handeni je? Katika miaka ya mvua nzuri wakulima wa Uzigua waliuza mahindi kwenye mashamba hayo. Katika miaka mibaya, mambo yaligeuka: mtu yule yule aliyeuza chakula alilazimika kwenda kuuza nguvu zake ili anunue chakula na kulipa kodi. Na miaka mibaya ilikuwa mingi. Njaa iliipiga nchi hiyo katika miaka ya 1890 baada ya uvamizi wa Wajerumani, ikarudi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ikarudi tena mwaka 1925, na tena kati ya 1932 na 1935. Wakati huo huo bei ya mkonge katika soko la dunia ilikuwa imeanguka kwa sababu ya mdororo ulioanza mwaka 1929, na mishahara ikaanguka nayo.

Ndugu msomaji, angalia tarehe. Njaa ya Handeni ya 1932 hadi 1935 ilikuwa inamalizika mwaka ule ule filamu ya akiba ya posta ilipotengenezwa Vugiri. Katika picha, hatari inayomkabili mfanyakazi ni mwizi wa usiku. Hakuna swali kuhusu kiasi cha mshahara kabla haujaibiwa. Mtu anafundishwa namna ya kutunza kidogo alichopewa, wala hafundishwi kuuliza kwa nini ni kidogo.

Waliofuatana na lori walitaka sana kujua watazamaji wanasema nini. Taarifa zilikusanywa, na mwaka 1937 Notcutt na Latham walitoa kitabu kizima juu ya Mwafrika na sinema. Lakini swali lililotawala lilikuwa moja: je, wameelewa? Wamefuata kisa? Picha imekwenda haraka mno kwao? Swali hilo liliendelea baada ya mpango wa Vugiri kufungwa mwaka 1937 kwa kukosa fedha za serikali. Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kwanza kwa ajili ya propaganda ya vita, na kiongozi wake, William Sellers, alishikilia nadharia kwamba Mwafrika anahitaji picha nyepesi, za polepole, zisizo na ufundi mwingi. Mtazamaji alipocheka mahali ambapo hakutarajiwa kucheka, ilihesabiwa kuwa hajaelewa. Haikufikiriwa kwamba pengine ameelewa vizuri sana.

Picha iliyotengenezwa bila mtazamaji

Mfano wa pili ni mbaya zaidi, na unahusu historia ya Uzigua moja kwa moja.

Novemba na Desemba 1884, Carl Peters na wenzake walipita katika nchi za nyuma ya pwani wakikusanya alama za machifu kwenye karatasi zilizoandikwa kwa lugha ambayo machifu hawakuijua. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi hati ya ulinzi juu ya nchi nne: Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Hivyo jina la Uzigua limo katika hati ya kwanza kabisa ya ukoloni wa Kijerumani katika nchi yetu. Baadaye Peters mwenyewe alifukuzwa katika utumishi wa serikali yake mwaka 1897 kwa ukatili alioutenda Kilimanjaro, ambako aliwanyonga Waafrika.

Mwaka 1941, wakati wa utawala wa Hitler, tamthilia ya kihistoria ilitengenezwa Ujerumani kumsifu mtu huyo. Iliitwa kwa jina lake, iliongozwa na Herbert Selpin, na Hans Albers akacheza nafasi ya shujaa. Walihitajika Waafrika wa kuonekana nyuma ya shujaa, nao walipatikana, baadhi yao wakiwa mateka weusi wa vita. Fikiri juu ya jambo hili: nchi yetu iliigizwa Ulaya, hati zetu za kudanganywa ziligeuzwa kuwa ushujaa, na watu waliowekwa kuigiza kukubali kwetu walikuwa wafungwa. Mzee wa Handeni hakuulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Filamu hiyo haikukusudiwa hata kidogo aione.

Ukiilinganisha na ile ya Vugiri, utaona kuwa zinatofautiana kwa ukali, lakini msingi ni mmoja. Katika zote mbili, maana ya historia ilikwisha kuamuliwa kabla ya mtazamaji kuketi. Hukumu yake haikuwa sehemu ya kazi.

Baada ya kupata jukwaa

Mabadiliko hayakungoja siku ya uhuru. Mwaka 1952 ilitengenezwa hapa Tanganyika filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu. Waliodhani kuwa Mwafrika mbele ya kamera ni chombo tu cha kufikishia ujumbe hawakuona mbali. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na magari ya sinema yaliendelea kupita vijijini.

Lakini kwa upande wa historia, kazi iliyotikisa zaidi ilitoka kwenye jukwaa la maonyesho. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile, kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hussein hakumchora shujaa asiye na doa. Alimchora mtu aliyewaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa maji ya dawa, kisha akaona wazi kwamba maji hayo hayazuii risasi. Mwishoni anatakiwa na Wajerumani atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua neno hilo litatumiwa dhidi ya vita vyenyewe na dhidi ya watoto watakaozaliwa.

Tumeisoma tamthilia hii na wanafunzi mara nyingi, na kila mara darasa linagawanyika. Wengine husema alifanya sawa, maana umoja ulikuwa mkubwa kuliko maji. Wengine husema hapana: watu walikufa kwa kuamini, na mapambano yaliyojengwa juu ya jambo lisilo la kweli hulipwa kwa damu ya wanyonge. Mgawanyiko huo si udhaifu wa tamthilia; ndiyo kazi yake. Inamwacha mtazamaji akiwa hakimu.

Ya kwetu itaanza lini?

Sasa turudi kwa kijana wetu. Je, Handeni na Korogwe zina historia ya kutosha kwa tamthilia? Zinayo, tena ya kuzidi.

Yuko Bwana Heri bin Juma wa Saadani, kiongozi wa Wazigua, aliyeyashinda majeshi ya Sultani Barghash mwaka 1882, kisha akapigana na Wajerumani kuanzia 1888 na kujisalimisha Aprili 1890 baada ya watu wake kuchoshwa na vita na njaa. Yuko Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya Pangani, akakimbilia bara, akakamatwa Desemba 1889 kwa msaada wa jumbe wa huko huko bara, na kunyongwa Pangani tarehe 15 mwezi huo. Kuna wakata mkonge wasio na majina.

Vijana walipoyasikia hayo walifurahi, wakaanza kugawana nafasi za kuigiza. Hapo tuliwasimamisha. Tuliwakumbusha kuwa Bwana Heri na Abushiri walikuwa pia watu wa biashara ya misafara, na kwamba katika biashara hiyo ya pwani na bara watumwa walikuwa mojawapo ya bidhaa. Tamthilia itakayoficha jambo hilo itakuwa inafanya kile kile kilichofanywa Ujerumani mwaka 1941, ila kwa rangi nyingine. Kupinga mvamizi hakumfanyi kiongozi kuwa mtetezi wa kila mnyonge aliye chini yake. Na yule jumbe aliyesaidia kumkamata Abushiri, je, alikuwa kibaraka tu? Au alikuwa na hesabu zake za vita, chakula na usalama wa watu wake? Swali hilo waachiwe watazamaji.

Na hapa ndipo swali la mama wa Handeni linaposhika uzito. Chakula analima nani? Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga Uzigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, wengine wakajiweka rehani wao na watoto wao, na wengi wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Banadir, katika nchi ambayo leo ni Somalia. Huko walifanywa watumwa mashambani. Baadhi walitoroka wakajenga makazi katika bonde la mto Juba, nao wakaishika lugha ya Kizigua kizazi hadi kizazi. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo. Walirudi katika nchi ya babu zao wakizungumza lugha ambayo wenyeji waliielewa.

Hakuna kamera iliyowahifadhia historia hiyo. Waliihifadhi wenyewe kwa midomo, kwa muda wa zaidi ya miaka 150, bila shule wala jarida. Kisa hicho chote ni kisa cha chakula: nani alikosa, nani alikuwa nacho, na kwa bei gani. Kwa hiyo mama yule hakuwa nje ya mada hata kidogo. Aliiingiza katika hadithi ya majemadari historia ya watu wake mwenyewe.

Kujikosoa na wajibu

Kabla ya kumaliza tunapaswa kujikosoa. Asubuhi ile, baada ya wanafunzi kutoa maoni, sisi tulikuwa tumeandaa maswali yetu ubaoni. La kwanza lilisomeka hivi: "Je, watazamaji wameelewa ujumbe wa tamthilia?" Tulikuwa tumeuliza swali la Vugiri bila kujua. Na mama yule alipozungumza na darasa likacheka, sisi nasi tulicheka. Tulihitaji ukimya uliofuata ili tutambue kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali la kihistoria kuliko sisi wote.

Kutokana na kosa hilo tunapendekeza kwa makada na wanafunzi mambo matatu.

Kwanza, tusiwakataze vijana tamthilia za nje, wala tusizidharau. Kijana anayefuatilia historia ya Waturuki kwa misimu kadhaa ana kiu ya historia. Tukae naye, tutazame naye, kisha tuulize pamoja: nani hakuonyeshwa?

Pili, kila kikundi cha sanaa katika vijiji na shule za Handeni na Korogwe kianze na mazungumzo ya wazee kabla ya kuandika maneno ya kuigiza. Wazee waliokata mkonge wanapungua kila mwaka. Yarekodiwe wanayoyajua kuhusu kipande, kodi na njaa, kwa maneno yao wenyewe, hata pale yanapopingana na kitabu.

Tatu, onyesho lisiishe wigizaji wanapoondoka jukwaani. Watazamaji wapewe nafasi ya kusema, kukataa na kusahihisha, na maneno yao yaandikwe pamoja na tamthilia. Mahali watakapocheka bila kutarajiwa tuwaulize wameona nini, badala ya kudhani hawakuelewa.

Juma lililofuata wanafunzi wetu walileta rasimu ya mchezo mfupi kuhusu vita vya Saadani. Onyesho la kwanza halina jemadari wala bendera. Lina wanawake wanne wanaopima mahindi yaliyobaki ghalani, wakibishana kama yawatoshe wapiganaji au watoto. Tuliwauliza nani aliyewapa wazo hilo. Walimwonyesha yule mama, naye akasema kwamba mahindi waliyoyaandika hayatoshi hata siku mbili, wayahesabu upya.